Jumamosi Msimlishe Mzee Zenon

Ndugu Zenon Sichalwe, Mpishi Mkuu wa hospitali yetu, anastaafu tarehe 30 Juni 1982 baada ya kutumikia jiko moja kwa miaka ishirini na sita na miezi minne. Alikabidhiwa mwiko tarehe 1 Machi 1956. Tangu siku hiyo hajahamishwa, hajapewa barua ya onyo, na hajachelewesha uji wa asubuhi isipokuwa mara moja tu, siku ambayo yeye mwenyewe alikuwa mezani kwa daktari, amefunguliwa tumbo.

Kamati ya sherehe imenipa mimi kazi ya kuandika wasifu huu, ingawa niliishia darasa la nne. Katibu wa tawi letu la chama cha wafanyakazi, JUWATA, Ndugu Lutengano, aliniambia, "Wilibrodi, wewe una maneno. Andika ukurasa mmoja, uwe wa kufurahisha." Maneno ninayo. Nimeendesha Landrova ya hospitali miaka kumi na tisa. Nimewahi kuuteremka mlima wa kwenda bonde la Rukwa kinyumenyume, baada ya gia nyingine zote kugoma, na mgonjwa niliyembeba hakuamka usingizini. Mtu wa namna hiyo hakosi la kusema. Lakini la kufurahisha mwaka huu sina mengi, na ukurasa mmoja hautoshi. Mtanisamehe.

Mzee Zenon alizaliwa Kaoze, kijiji kilekile nilichozaliwa mimi, kwa wazazi wakulima. Upishi alijifunza kwa mapadri, akianzia kuosha masufuria. Alipokuja hapa mjini alikuta jiko la mafiga matatu na paa la nyasi. Jiko la sasa, lile lenye dohani, alilijenga yeye na mafundi wawili kwa matofali aliyofyatua mwenyewe baada ya saa za kazi. Wanaodhani jiko lile lililetwa na serikali sasa wanajua.

Enzi hizo alikuwa mnene. Sisemi mnene wa kawaida. Akipanda Landrova upande wa abiria, mimi nilikuwa naendesha nimening'inia upande wangu kama nguo kwenye kamba. Siku moja aliketi kwenye benchi la wodi ya wanaume, na wagonjwa wanne waliokuwa wameketi ncha ya pili wakajikuta wamesimama wima. Muuguzi wa zamu akawaandikia kwenye kadi kwamba wamepata nafuu. Mnaobisha, kamuulizeni Nesi Atuganile, yupo mpaka leo, na hajawahi kukanusha.

Alikula kama alivyopika, yaani kwa ukarimu. Kila sufuria aliionja mara nne: chumvi, mafuta, moto, na mara ya nne kwa sababu mara tatu za kwanza zilikuwa tamu. Wagonjwa walimpenda. Katika mwaka wa njaa, mahindi yalipokuwa ya kuokoteza, aliwalisha watu mia na themanini kwa siku na hakuna aliyelala bila kitu tumboni. Mimi ndiye niliyesomba mahindi hayo, lakini leo si siku yangu.

Sasa nafika mwaka 1974. Hapa ndipo Ndugu Lutengano aliponishauri niruke. Sitaruka, kwa sababu bila mwaka huo hamtaelewa ninawaomba nini mwishoni.

Mpwa wangu Oswaldi, mtoto wa dada yangu Albina wa Kaoze, alikuwa na miaka ishirini na nne. Kidonda cha tumbo kilimtoboa. Alipasuliwa hapa kwetu, sehemu kubwa ya tumbo ikakatwa, na kilichobaki kikashonwa. Kazi ilifanyika vizuri, na siku ya kumi alikuwa anatembea kwenye veranda na kuwatania wauguzi. Ndipo Mzee Zenon aliponifuata nje nikiwa chini ya gari. Aliinama, jambo ambalo kwa unene wake halikuwa dogo, akanieleza pole pole kama mtu anayemwelekeza dereva njia ngeni. Wiki mbili za kwanza, vitu vya kunywa vilivyochujwa. Wiki mbili zinazofuata, uji laini na vitu vilivyopondwa. Ugali asiuone mpaka mwezi wa pili uishe, na hata hapo uwe wa ukubwa wa yai. Ale mara sita kwa siku, kidogo kidogo, na maji asinywe pamoja na chakula.

"Tumbo lake sasa halizidi kikombe cha chai, Wilibrodi," aliniambia. "Na ndani kuna mshono, haujakauka."

Mimi nilimjibu nikiwa chini ya gari hukohuko. "Mzee, mimi nimebeba wagonjwa wengi kuliko magunia uliyopika. Mgonjwa namjua."

Siku ya kumi na mbili nikampeleka Oswaldi nyumbani. Katika ukoo wetu, mtu aliyekwenda kupasuliwa huwa ameshaliliwa nusu. Akirudi lazima aonekane anakula, na si uji, maana uji kwetu ni wa anayeaga dunia. Anaketishwa uani kwenye mkeka, majirani wanakusanyika, na mkubwa wa ukoo anamkatia tonge na kumlisha kwa mkono wake, ili wote waone kinywa kinafanya kazi na habari za msiba zifutwe. Mkubwa siku ile nilikuwa mimi. Dada yangu alichinja jogoo wake wa pekee na kusonga ugali wa ulezi mweusi, mgumu, ule wa kusimama wenyewe. Nikavua koti. Nikawaambia watu jinsi nilivyomwendesha kijana wangu kutoka mjini bila kumtikisa hata mara moja. Huku nasimulia, namlisha.

Kwenye tonge la nne Oswaldi alisema, "Mjomba, limejaa."

"Limejaa wapi? Tonge nne? Kula bwana, watu wanakuangalia."

Akala, kwa sababu mimi ni mjomba wake. Yalikuwa matonge saba na paja la kuku. Nayajua kwa idadi kwa sababu niliyahesabu kwa sauti na watu wakapiga makofi.

Jioni tumbo lake lilikuwa gumu kama ubao. Asubuhi tulimpakia tena. Mshono wa ndani ulikuwa umeachia. Alifariki kabla hatujamaliza kupanda mlima, kichwa chake kikiwa mapajani mwa mama yake. Siku ile sikuendesha kinyumenyume wala sikufanya ujanja wowote. Niliendesha vizuri kuliko siku zote za maisha yangu, na haikusaidia kitu.

Mzee Zenon alikuja kuzika. Alifukia pamoja nasi, akarudi kazini. Nilikuwa nangoja anilaumu, maana angenilaumu ningepata cha kumjibu. Wiki iliyofuata aliniita jikoni. Akanipa kijiko cha chai na kikombe cha bati chenye maji, akaketi mbele yangu na kufumba macho. "Mimi ndiye mgonjwa," alisema. "Nilishe." Nikamlisha. "Haraka," alisema. "Rudia." Nikarudia. "Bado haraka. Wewe unamlisha ili umalize. Lisha ili abaki." Nilikaa jikoni siku tatu. Nilijifunza kuchuja mchuzi mara mbili kwa kitambaa, kuponda kiazi mpaka kisiwe na punje, na kukaa na mtu nusu saa kwa kikombe kimoja bila kumhimiza.

Kutoka hapo ikazaliwa ile kanuni ambayo sasa inajulikana wilaya nzima kama Siku Tatu za Jikoni. Hakuna mgonjwa aliyekatwa tumbo anayeruhusiwa kuondoka mpaka ndugu yake mmoja, yule hasa atakayempikia, awe amekaa siku tatu jikoni kwa Mzee Zenon na kupika kwa mikono yake. Hakuna barua kutoka juu iliyoagiza jambo hilo. Mzee alikwenda tu kwa daktari akamwambia, na daktari akakubali.

Watu walikasirika. Bibi mmoja, mama mkwe wa mgonjwa, alimsimamia mlangoni mikono kiunoni. "Nimezaa tisa na wote wapo. Leo mwanaume anifundishe kuchuja mchuzi?"

"Shikamoo, mama," Mzee alimjibu. "Chuja kwanza, halafu unitukane."

Bibi alichuja huku anatukana, Kifipa na Kiswahili, siku zote tatu. Mkwewe anaishi mpaka leo, analima. Tangu mwaka ule wamepita jikoni ndugu wa wagonjwa hamsini na wanane, na kati ya wagonjwa hao hakuna hata mmoja aliyeuawa na chakula. Hilo ndilo jambo kubwa alilolifanya katika utumishi wake, kuliko lile jiko la matofali. Namba hiyo nimeitoa kwenye daftari la wodi, sijaiongeza hata mmoja, na mnanijua.

Kisha ikafika zamu yake. Mwaka 1978 Mzee Zenon alitapika damu mara mbili. Ni kidonda cha tumbo, kama cha Oswaldi. Daktari wa upasuaji aliyekuwepo wakati ule alimtazama, akamwambia wazi kwamba hawezi kumpasua akiwa na unene ule. Alieleza kuwa ini la mtu mnene huvimba mafuta na kulala juu ya tumbo kama blanketi, kisu kisione njia. Alitaka kilo ishirini zitoke kwanza, akaongeza kwamba zisitoke kwa kushinda njaa, maana mwili uliokonda kwa njaa haushiki mshono.

Mizani ya hospitali iliishia kilo mia moja na ishirini, na Mzee alikuwa ameipita. Nikampeleka kwenye ghala la mazao, kwenye mizani ya mahindi. Karani wa ghala, kijana wa mtaa wa Chanji, alimtazama akiwa amesimama juu ya ubao ule na kuuliza kama huyu anaandikwa daraja la kwanza au la pili. Mzee alikuwa kilo mia moja thelathini na sita. Kila Ijumaa nilimrudisha, na wapagazi wakawa wanamsubiri. Waliwekeana dau la sigara.

Wiki kumi alijipikia kama alivyowapikia wengine. Nusu ya sahani ilikuwa kabichi au majani ya maboga, bila mafuta. Robo, samaki au yai au maharage. Robo iliyobaki ugali, wa ukubwa wa ngumi ya mtoto. Maziwa aliyaengua mafuta yote. Pombe ya ulezi aliiacha, na chai akanywa bila sukari, jambo ambalo halikuwa gumu kwa kuwa sukari yenyewe ilikuwa haionekani dukani. Alitembea kwa miguu kutoka nyumbani kwake Katandala mpaka kazini, asubuhi na jioni, akikataa lifti yangu kila nilipompita. Alijizoesha kutafuna kila kipande mara thelathini na kungoja maji mpaka nusu saa ipite baada ya kula, ili kisu kikifika kimkute ameshazoea. Sufuria aliendelea kuzionja, ila alitema kwenye kopo. Wapishi wenzake walicheka. Yeye hakucheka. Aliniambia kwamba kila anapotema anahisi kama anamtukana mtu.

Zilitoka kilo ishirini na mbili. Alipasuliwa Februari 1979, na theluthi mbili za tumbo zikabaki kwenye beseni.

Hakuwa na mke. Mama watoto alishatangulia, na watoto wameolewa mbali. Kwa hiyo ndugu wa kumlisha nilikuwa mimi, na siku tatu zangu nilishazikaa. Siku mbili za kwanza, maji kwa kijiko cha chai, kijiko kimoja kila baada ya muda. Kisha mchuzi uliochujwa, kisha uji mwepesi wa ulezi, kisha kiazi cha kupondwa na yai bichi lililopitishwa kwenye maji ya moto mpaka likashika. Nilikuwa nakaa kando ya kitanda chake nusu saa kwa kikombe. Nesi Atuganile alipita akasema, "Huyu ndiye Wilibrodi ninayemjua mimi? Amenyamaza." Nilichota kijiko kingine.

Aliporudi kazini, hospitali nzima ilifurahi. Wasifu wa kawaida ungeishia hapo. Lakini wengi wenu hamjui yaliyofuata, kwa sababu Mzee hasemi.

Kula mara sita kwa siku si jambo la wiki kumi. Ni mpaka kaburini. Akizidisha vijiko vitatu, anatapika. Akinywa chai ya sukari, jasho linamtoka, moyo unakwenda mbio, analala chini sakafuni jikoni mpaka lipite. Akikosa samaki, yai au nyama laini, nguvu zinamwisha, maana tumbo dogo halina nafasi ya kujazwa ugali mtupu. Kila mwezi anadungwa sindano ya vitamini, kwa kuwa tumbo lililobaki haliwezi kuichukua kwenye chakula. Na tangu vita viishe mnajua wenyewe hali ya maduka. Mayai ya hospitali yakija kumi, Mzee anawapa wagonjwa kumi. Nilimkuta mara ya kwanza nikamgombeza. Mara ya pili akafunga mlango wa jikoni kwa ndani.

Leo ana kilo hamsini na saba. Ngozi imebaki kubwa mwilini mwake kama koti aliloazimwa. Wanaomwona mjini wanauliza kama jiko la hospitali lina njaa. Anapika pilau ya sikukuu kwa watu mia, anafunika sufuria, anakwenda kukaa nje kwenye kuni, mgongo kwa mlango. Mwaka jana nilimfuata pale nikamuuliza kama anaumwa. Alisema, "Siumwi. Nina njaa, na hakuna pa kuiweka."

Sasa anastaafu. Hakuna mpishi aliyeletwa kushika nafasi yake, na tumeambiwa kwamba kuanzia Julai wagonjwa wataletewa chakula na jamaa zao, kwa kuwa kuni na unga havipo. Kwa hiyo Siku Tatu za Jikoni zinakwisha naye. Atakayepasuliwa Agosti atarudi kwao na mjomba wake.

Yeye mwenyewe anarudi Kaoze kwa mdogo wake Urbano. Nilimleta Urbano hapa mwezi uliopita ili akae siku tatu kama wengine. Alikaa siku moja. Aliuona ule uji, akaona kile kijiko, akaniambia, "Wilibrodi, kaka yangu si mtoto mchanga. Mmemkondesha ninyi. Akifika kwangu atakula kama mtu." Nilimweleza habari za Oswaldi, ambazo anazijua, kwa sababu alikuwepo uani akipiga makofi. Akasema ile ilikuwa siku ya Oswaldi, imefika tu. Akapanda lori la mahindi akarudi.

Nilimwomba dada yangu Albina. Anakaa nyumba ya nne kutoka kwa Urbano. Sikuwa na haki ya kumwomba kitu chochote kuhusu chakula, lakini nilimwomba. Alisema, "Nitapeleka uji. Wakiumwaga nitapeleka mwingine." Albina ana miaka hamsini na tisa, na wakati wa kulima anaondoka alfajiri kwenda shamba la kijiji. Mara sita kwa siku hawezi. Na sindano hakuna.

Nafika kwenye jambo la Jumamosi.

Jumamosi tarehe 3 Julai, saa nane mchana, kwenye uwanja wa mbele, tutamuaga. Mnajua desturi yetu hapa. Kila idara inatoa mwakilishi, anakata tonge, anachovya mchuzi wa mbuzi, anamlisha mstaafu kwa mkono, na watu wanapiga makofi. Idara zetu ni tisa. Nilisimama kwenye kamati nikasema jambo hilo lisifanyike. Ndugu Lutengano alisema, "Kaka Wilibrodi, mgeni wa heshima asipolishwa watu watasema tumemnyima. Mtu wa miaka ishirini na sita, aondoke mdomo mkavu?" Mjumbe mwingine akasema matonge yawe madogo. Mwingine akasema Mzee ni mpishi, atajua mwenyewe la kufanya.

Nilikwenda kumuuliza Mzee Zenon. Nilimkuta anasugua sufuria kubwa ambayo hataitumia tena. Nilimwambia akatae mapema, awaambie watu kwa mdomo wake. Hakuacha kusugua.

"Nimewafungulisha watu mdomo maisha yangu yote," alisema. "Leo wakiniletea tonge nifunge wangu?"

"Mzee, ni matonge tisa."

"Najua kuhesabu."

"Sasa?"

"Sasa nimechoka kula kama ndege, Wilibrodi. Nataka nishibe siku moja. Halafu tuone."

Ndugu zangu wafanyakazi, mimi nimesema uongo mwingi katika uwanja ule, kuhusu gari, kuhusu simba, kuhusu mto niliouvuka maji yakiwa juu ya usukani. Maneno hayo mawili ya mwisho, halafu tuone, sikuyatunga. Aliyasema akiwa amenitazama.

Nikampelekea habari hiyo Nesi Atuganile. Yeye ndiye aliyepata njia, na alikwenda nayo kwenye kamati mwenyewe. Alisema hivi: Jumamosi Mzee asilishwe. Atulishe yeye. Aketishwe mezani na ugali wake alioupika, idara zije moja moja, na kila mwakilishi apige goti, afungue mdomo, alishwe tonge na mkono uliotulisha miaka yote hii. Ndugu Lutengano alisema haijawahi kufanyika. Nesi Atuganile akamwambia, "Na kumpasua mpishi hakukuwahi kufanyika, ila tulifanya." Kura zilikuwa nne kwa tatu. Imepita.

Lakini najua watu. Najua atatokea mmoja, pengine mgeni kutoka mkoani, pengine mzee mwenye mapenzi ya kweli, atakayeona haya kulishwa bila kulisha. Atakata tonge, atasema moja tu halitamdhuru, na makofi yataanza. Na Mzee atafungua mdomo. Kwa hiyo ninaandika hapa, kwenye karatasi ambayo kila mmoja wenu atakuwa nayo mkononi. Ukipenda kumheshimu Mzee Zenon, mfungulie mdomo wako. Wenye zawadi za chakula, mayai yapelekwe kwa Nesi Atuganile, atayachemsha na kuyafunga kwa ajili ya safari. Mbuzi mleni ninyi. Mimi nitakuwa nimesimama kushoto kwa kiti chake na sitaketi. Tonge litakalonyanyuliwa kuelekea kwake litaishia kwangu, na mnajua kwamba tumbo langu halina kipimo.

Jumatatu nitampeleka Kaoze, petroli ikipatikana. Nimeomba likizo ya siku kumi na nne, nimepewa saba. Siku hizo saba nitamlisha mimi, mbele ya Urbano, mbele ya majirani, nusu saa kwa kikombe, wacheke wanavyotaka. Siku ya nane lazima gari lirudi. Baada ya hapo sijui. Nimefikiri kila namna na sijui. Nikiwaambia kwamba nina matumaini nitakuwa nimewaongezea chumvi, na Mzee hapendi chumvi iliyozidi.

Mzee Zenon, kwa niaba ya wafanyakazi wote tunakushukuru kwa uji wa kila asubuhi, kwa mwaka wa njaa, kwa wale hamsini na wanane. Mimi binafsi nakushukuru kwa zile siku tatu, ambazo ulizianzisha kwa ajili yangu na hukuwahi kuzitaja kwa jina langu. Tunakutakia miaka mirefu ya kupumzika na sahani ndogo. Nakusihi uile, kijiko kimoja, ungoje, kisha kingine, hata siku ambayo hakuna anayekutazama.

Wilibrodi, dereva.